Kuomba Njia kwa Bakwe: Namna Bibi Zetu Walivyokuja Katanga

Katika karamu, kwenye matanga, na hata katika mikutano ya wazazi kule masomoni, kuko neno moja ambalo wanaume wa leo wanapenda sana kulisema: «Kwa mila yetu, bibi anamfuata bwana. Bwana akisema tunahama, bibi anafunga mizigo, basi.» Anayelisema analitoa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mlango wa mazungumzo. Ukimuuliza mila hiyo ni ya nani, anajibu: «Ya bankambo.»

Sisi tunaofundisha historia tumechoka na jibu hilo. Si kwamba tunataka kugombana na wanaume wenzetu, maana nasi tuna bibi na watoto na tunajua taabu ya kuhama. Tunakataa kwa sababu si kweli. Na kwa kuwa kitabu hiki ni cha mila, tumeona vema tuwaulize bankambo wenyewe.

Tuanze na wenyeji wa upande huu wa kusini na wa Luapula: Balamba, Balala, Bausi, Babemba. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno juu ya dada na watoto wake ni mjomba, yule ambaye Babemba wanamwita yama. Kijana aliyeoa kwa Babemba hakumchukua bibi. Yeye ndiye aliyechukuliwa. Alikwenda kukaa katika kijiji cha wazazi wa bibi, akawalimia, akakata miti, akajenga. Mwanzoni hakuweza hata kula mbele ya mama mkwe wala kumtazama usoni. Walimtazama yeye: je, ni mvivu? Ni mkali? Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, ndipo ikafanywa sherehe ya kumwingiza mkwe, na aibu ile ikaondolewa. Baada ya hapo tu ndipo alipata kinywa cha kusema: «Wazee, ninaomba kwenda kwetu pamoja na bibi.» Angalieni neno alilolitumia. Aliomba, na walioombwa waliweza kukataa. Wengine walizeeka kijijini kwa bakwe na wakazikwa kule.

Kwa Baluba, wa Kasai na wa upande wa Kabongo na Kamina, mambo ni mengine. Mtoto ni wa baba, na mwanamke akisha kutolewa mali anakwenda kukaa kwa bwana. Hapo ndipo rafiki zetu wanaruka kwa furaha: «Munaona sasa!» Lakini ngojeni kidogo. Kijiji cha bwana kilikuwa mbali namna gani? Mara nyingi mwendo wa siku moja au mbili. Mama yake aliweza kuja kumwogesha mtoto mchanga. Bibi akipigwa bila sababu, alirudi kwa baba yake, na bwana alipaswa kumfuata, mkononi kuku au mbuzi, akae chini mbele ya wakwe na kusikia makosa yake. Mali haikununua mtu. Ilifunga koo mbili kwa kamba moja, na kamba ina ncha mbili.

Kumpeleka bibi mbali, mahali ambapo habari ya ugonjwa wake haitafika, hilo lilikuwa jambo lingine kabisa. Tena wazee wa wakati ule walikuwa na sababu ya kuogopa. Katika miaka ya 1870 na 1880 nchi hizi zilijaa misafara ya watumwa: upande mmoja watu wa Msiri kule Bunkeya, upande wa Lomami watu wa Ngongo Lutete, na wengine wengi. Msiri aliuawa mwaka 1891, Ngongo Lutete mwaka 1893. Mtu aliyekuwa mtoto wakati huo alikuwa bado hai na macho mazuri walipofika watu wa kuandikisha kazi ya shaba. Alikwisha kuona mstari wa watu wanaokwenda kusini na hawarudi. Sasa anaambiwa: toa kijana wako, naye atoke na bibi.

Maana mambo ya shaba yalianza namna hii. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Gari la moshi kutoka Rhodesia likafika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa hapa Lubumbashi. Mwaka ule wa 1910 ilianzishwa pia Bourse du Travail du Katanga, iliyopita vijijini kutafuta watu. Ilitafuta wanaume peke yao. Kontra zilikuwa fupi, za miezi tu, na mtu akiisha alirudi kwao, kama bado alikuwa na nguvu za kurudi. Wengi hawakurudi. Kuhara na ugonjwa wa mapafu viliwaua watu katika kampu, na homa kubwa ya mwaka 1918 ikaongeza makaburi.

Wakubwa wa kampuni hawakuanza kufikiri juu ya wanawake kwa huruma. Walihesabu. Mtu anayekuja kwa miezi michache anajifunza kazi, akisha kuijua anaondoka, na mwingine asiyejua kitu anapaswa kutafutwa mbali kwa franga nyingi. Anayekaa peke yake anakula vibaya, anaugua, anatoroka. Ndipo, katika miaka ya 1920, kampuni ikavumbua bibi! Tunacheka kidogo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kufika mwaka 1928 kontra ya miaka mitatu ikawa desturi, na mtu mwenye bibi akapendelewa kuliko mseja. Kampuni ilimlipia bibi safari, ikampa posho yake na ya watoto, ikajenga nyumba za matofali, na kwa kijana asiye na mali ya kuoa iliweza kumkopesha. Daktari Mottoulle, ambaye alisimamia siasa hiyo kwa muda mrefu, aliiandika waziwazi mwaka 1946: mwanamke na mtoto ni sehemu ya kazi. Reli nayo ilisaidia. Tangu 1918 ilifika Bukama, na mwaka 1928 ikaunganishwa mpaka Port-Francqui, yaani Ilebo, ikipita katikati ya nchi ya Baluba wa Kasai. Safari iliyokuwa ya wiki nyingi kwa miguu ikawa ya siku chache.

Ikabaki kazi moja ambayo kampuni haikuweza kuifanya kwa reli wala kwa matofali: kumkubalisha bibi. Hiyo iliachwa kwa bwana mwenyewe.

Hapa tutasema habari ya nkambo wetu mwanamke, mama ya baba, kwa sababu tuliisikia mara nyingi kuliko masomo yoyote. Alizaliwa kando ya Luputa. Bwana yake alikuwa amekuja peke yake kufanya kazi Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati ule. Mwaka 1947 akarudi likizo, amevaa viatu, na mfukoni karatasi ya kampu: akija na bibi, nyumba iko. Alileta chumvi, sabuni, na vitambaa viwili. Usiku akaanza kusifu mji. Kule kuko mwangaza usiku. Kule maji yanatoka katika chuma. Kule mutu hatafuti kuni mbali.

Nkambo alimwacha amalize, kisha akamuuliza maneno matatu. «Nikizaa, nani atanipokelea mutoto?» Akajibiwa: kuko munganga muzungu. Nkambo alicheka sana, kwani hajasikia bado mwanaume anayezalisha watu. «Na shamba yangu itakuwa wapi?» Akajibiwa: kule hakuna haja ya shamba, wanatupa posho kila wiki. Nkambo akasema: «Posho ni chakula cha mutu aliyefungwa.» Halafu akauliza la tatu: «Nikikufa kule, nani atakuja kuambia mama?» Kwa hilo bwana hakuwa na jibu. Na kwa kuwa hakuwa na jibu, alikasirika, akatamka neno ambalo hakupaswa kulitamka: «Mali si nilitoa?»

Asubuhi neno hilo lilikuwa limefika kwa baba mkwe. Hatujui lilipita mlango gani. Mzee hakupiga kelele. Alituma mtu kusema kwamba kama mali inazungumza, basi yeye yuko tayari kuirudisha, na kijana apande gari la moshi peke yake namna alivyokuja. Bwana akalazimika kumtafuta kaka yake mkubwa na mbuzi mmoja, wakaenda kukaa chini. Maneno yalichukua siku tatu. Likizo ilikuwa inakwisha, karatasi ya kampu ilikuwa na tarehe yake, na wazee hawakujali tarehe. Mwishoni walipatana hivi: bibi atakwenda, lakini pamoja na mdogo wake msichana, asiwe peke yake kati ya watu wasiojulikana, mtoto wa kwanza atazaliwa kijijini, mikononi mwa mama yake, na kila mtu wa kwao anayepita Likasi akirudi, atabeba habari na kitu kidogo cha mkononi. Nkambo mwenyewe aliongeza lake: mbegu za karanga katika kitambaa. Kipande cha udongo nyuma ya kampu akakipata, akazipanda, posho au hakuna posho.

Tunayaweka haya yote kwa urefu kwa sababu hivi ndivyo mila ilivyokuwa. Bwana alileta sababu zake. Bibi alikuwa na maswali yake na haki ya kuyauliza. Ukoo ulisikiliza, na kukubali kulikuwa na masharti ambayo watu wanayajua na kuyakumbuka. Nani alisema bibi anafunga mizigo, basi?

Aliyesema, kwa mawazo yetu, ni kampu. Tazameni mambo yalivyogeuka. Kule Likasi au Lubumbashi bakwe walikuwa mbali, mamia ya kilomita. Posho ya bibi ilitoka kwa jina la bwana. Nyumba ilikuwa ya kazi, na kazi ilikuwa ya bwana. Akifukuzwa, wote wanatoka nje. Wakubwa walipoamua kumpeleka mfanyakazi kutoka Likasi mpaka Kolwezi au Kipushi, lilikuwa jambo la karatasi moja. Jioni anarudi nyumbani: «Wametutuma Kolwezi.» Hapakuwa na mbuzi, hapakuwa na kaka mkubwa, hapakuwa na siku tatu. Bibi alifunga mizigo kweli, maana angeuliza nani? Profesa Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Bana Shaba, ameonyesha vizuri jinsi kampuni ilivyojifanya baba wa familia, mpaka baba mwenyewe akawa mkubwa kwa sababu tu ya ile kazi. Kwa hiyo neno lile linalosemwa kwenye karamu ni la kontra. Watoto waliozaliwa kampu walilikuta tayari, wakafikiri ni la bankambo.

Hatusemi kwamba wanawake walipata hasara tu. Nkambo huyohuyo aliyecheka munganga alizaa watoto watano maternité, na aliwasifu waliompokea mpaka uzee wake. Alipokwenda kijijini kutembea, baada ya wiki mbili alitaka kurudi kwake, na «kwake» kulikuwa Likasi. Mtu anayehama anapata kwao pawili, na hapo ndipo taabu inapoanza.

Taabu ilikuja mara ya kwanza wakati wa Katanga kujitenga, kati ya 1960 na 1963: maelfu ya Baluba wa Kasai walikimbilia kampu ya wakimbizi hapa Elisabethville mwaka 1961, na wengi wakarudishwa Kasai mwaka 1962. Familia yetu ilibaki. Juu ya miaka ile nkambo mwanaume hakupenda kuzungumza. Mara ya pili ni mwaka 1992, na hiyo tuliiona kwa macho yetu tukiwa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Baba yetu alizaliwa Likasi. Mama yetu ni wa upande wa Kasenga, Mbemba wa Luapula. Tangu Agosti mwaka ule wa 1992, watu waliofukuzwa walijaa kwenye stesheni ya Likasi: maelfu, na masufuria, na magodoro, wakingojea gari la moshi kwa wiki na miezi. Watoto walikufa pale kwa kuhara na surua. Jioni moja baba aliingia nyumbani akasema: «Tunaenda kwetu.» Mama akamwangalia. «Kwetu kwa nani?» Baba hakujibu, kwa sababu hata yeye Kasai aliifahamu kwa maneno ya wazazi wake tu. Kisha mama akasema: «Mi siendi kama yama hajasema.»

Baba alikasirika namna hatujamwona bado. Nyumba za jirani zimekwisha kuvunjwa, na huyu anasema juu ya mjomba! Akasema kwa mila bibi anamfuata bwana. Ndiyo, neno lile lile. Na aliyemnyamazisha ni mama yake mwenyewe. Nkambo alikuwa ameketi kwenye mizigo karibu na mlango, amekwisha kuzeeka. Akasema kwa Kiluba maneno machache, ambayo baba alituelezea miaka mingi baadaye: «Baba yako alikaa chini siku tatu. Wewe una miguu gani isiyokunjika?»

Basi habari ikatumwa Kasenga kwa dereva mmoja wa malori ya samaki. Siku ya tisa yama akafika, amepanda juu ya magunia. Wakati huo sisi tulikuwa tumekwisha kuhamia stesheni. Walikaa pale pale, baba, kaka yake, yama, na nkambo, kati ya watu wanaopika na watu wanaolia. Yama hakuuliza juu ya siasa. Aliuliza dada yake akiugua kule Mwene-Ditu nani atamtunza, na watoto watalala wapi, na akifa habari itapita njia gani. Tulimwona nkambo akitikisa kichwa polepole. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia yama maswali ya mwaka 1947.

Wakapatana. Mama atakwenda. Baba atamrudisha Kasenga aonekane kwa macho, kabla ya miaka miwili kuisha. Na dada yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, atabaki na yama, kwa sababu ukoo hauwezi kutoa vyote kwa njia isiyojulikana. Baba alikubali. Sharti hilo lilikuwa zito sana, na hata leo hatujui kama sisi tungelikubali. Yama akatuachia gunia la samaki wakavu kwa ajili ya safari, akamshika dada mkono, wakaondoka kutafuta lori.

Tulipanda gari la mizigo. Nkambo alifika Mwene-Ditu, akaishi kule miezi saba tu. Alizikwa si mbali na Luputa alikotoka na mbegu zake za karanga. Miaka miwili ilipita, kisha mitatu; magari ya moshi yalikuwa machache, franga hazikuwa na thamani, halafu vita. Baba alimfikisha mama Kasenga mwaka 1997. Yama alimpokea bila tabasamu, akamtoza baiskeli moja kwa kuchelewa. Baba alilipa. Aliilipa kwa miezi minane, na siku aliyoileta, yama mwenyewe aliipanda mpaka mtoni akicheka kama kijana. Lakini dada alikuwa amekwisha kuolewa kule, na Kiluba alikuwa amekisahau. Tunatembeleana. Hatukukaa naye tena katika nyumba moja.

Kuko watu waliotuambia: kama mama angekubali siku ile ile, dada asingebaki. Labda. Tunajua pia familia nyingi za mchanganyiko kama yetu ambazo zilikatika pale stesheni, bwana akapanda, bibi akabaki, bila mtu yeyote kukaa chini na mwingine. Wengine hawajaonana mpaka leo, na watoto wao hawajui waende kwa nani kudai mali ya ndoa. Mama na baba walizeeka pamoja.

Miaka hii njia imejaa tena. Vijana wanatoka Kasai kuja Lubumbashi na Kolwezi kwa sababu ya kobalti na biashara; wengine wanatoka hapa kwenda Kalemie au Kinshasa. Wanahama kwa simu: bwana anatangulia, anatuma ujumbe, bibi anauza vitu vya nyumba na kufuata, au hafuati. Wakwe wanasikia mwishoni, wakati wa kuombwa franga za tiketi.

Nasi, mwaka 2011, tulipewa barua ya kwenda kufundisha upande wa Pweto. Mama wa watoto wetu hakutaka, na tumbo lake lilikuwa la miezi sita. Hatukutaja mila wala mshahara. Tuliipeleka barua kwa baba mkwe, pale kartie Katuba, tukaketi. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza kule wanazalia wapi. Tukamwambia kuko maternité kwenye kilomita kumi na mbili, na kwamba wakati wa mvua njia yake ni mbaya. Akamwangalia binti yake, kisha akasema: «Mungoje mvua iishe.» Tulingoja.